Kilwa ya karatasi za manila

Alikuwa anachana ukuta.

Wenzake kwenye kikundi walikuwa wameshamaliza kukunja na kubandika. Kuta nne za ukumbi wa kaskazini wa Msikiti Mkuu wa Kilwa zilikuwa zimesimama juu ya dawati, gundi bado mbichi kwenye pembe. Yeye akauvuta msikiti upande wake, akaanza kuchana ukingo wa juu wa manila kwa vidole, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ukawa na meno meno. Akafungua kitabu, akalinganisha na picha, kisha akachana tena upande wa kushoto.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Nataka ufanane, mwalimu. Kilwa iko hivi."

Paa lilikuwa pembeni, limeshakatwa vizuri, hakuna aliyeligusa.

Mimi si mwalimu. Nachora ramani za nyumba, na siku ile nilikuwa mgeni kwenye darasa la tano la dada yangu, shule ya msingi moja hapa Morogoro. Yeye ndiye aliyeniomba nimchoree kitu ambacho watoto wanaweza kukata, kukunja na kubandika, ili wakifika kwenye miji ya kale ya pwani wawe na kitu cha kushika. Nikafanya hivyo kwa furaha. Lakini tangu nimwone mtoto yule anachana ule ukuta, jambo hili halijaniacha. Nimelibeba kwenye daladala, nimelibeba kazini, nimemweleza kila aliyekubali kunisikiliza.

## Ukuta wenye meno

Jaribu kukumbuka picha za Kilwa Kisiwani ulizowahi kuziona. Mimi nikijaribu, inakuja ile ya matao ya msikiti, mwanga umepenya kwa juu. Inafuata ya Husuni Kubwa, jumba la sultani, kuta zimefika kiunoni na majani yameota katikati. Zote ni picha za jengo lililokwisha.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtoto wa miaka 11 ambaye bahari hajaiona. Kutoka kwao mpaka Kilwa Masoko ni safari ya siku nzima, halafu kuna kuvuka maji. Hiyo picha ya kitabuni ndiyo Kilwa yake. Ukimwambia kuwa hapo waliishi watu matajiri waliokula kwenye bakuli kutoka China, waliopitisha dhahabu ya bara kupitia bandari ya Sofala, sultani wao akipiga sarafu za shaba zenye jina lake, atakusikiliza kwa adabu. Kichwani mwake watu hao wanakaa wapi? Wanakaa kwenye picha. Wamekaa ndani ya kuta zilizobomoka, jua linawapiga, mvua inawanyeshea.

Hilo linaniuma.

Wenzetu wa Ulaya wamekuwa na karatasi za kukata na kubandika kwa vizazi. Kule Esslingen, Ujerumani, kampuni ya J. F. Schreiber ilianza kuchapisha ngome na makanisa ya karatasi karne ya 19. Poland walikuwa na jarida zima la kazi hiyo, Mały Modelarz, lililoanza mwaka 1957. Mtoto wa huko anaweza kuona gofu la ngome Jumamosi na kuijenga ikiwa nzima Jumapili, mezani kwao. Anazo picha mbili kichwani, ya zamani na ya sasa. Mtoto wetu ana moja.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: paa libandikwe. Tumwonyeshe mtoto Kilwa nzima, basi.

Lakini nilivyozidi kulitafakari ndivyo nilivyoona kwamba yule binti hakufanya jambo la kijinga. Alipewa vitu viwili vinavyopingana, kitabu na karatasi ya mjomba fulani aliyekuja na begi. Akachagua kile chenye ushahidi. Picha ilipigwa mahali penyewe. Mimi nilichora chumbani kwangu, usiku, kwenye kompyuta. Tunawaambia watoto kwamba historia ni ushahidi. Huyu aliufuata mpaka mwisho, na mkasi hakuuhitaji.

Paa langu lilikuwa na haki gani ya kuaminiwa?

## Nani aliliona paa?

Nianze na yaliyo imara. Msikiti Mkuu una sehemu mbili. Ile ndogo ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12. Ndani yake kulikuwa na safu 3 za nguzo 3, jumla 9, zilizougawa ukumbi kuwa visehemu 16, na haukuwa na uwanja wa wazi katikati. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa baadaye, na kuba lake kubwa linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Upande huo uliwahi kuporomoka ukajengwa tena, na kuba kadhaa na matao yake yapo mpaka leo. Ukisimama chini yake ukaangalia juu, paa unaliona. Hapo sina ninachokisia.

Upande wa kaskazini ndiko shida iliko. Paa halipo. Wataalamu wanaona lilikuwa bapa, boriti zimelazwa, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa iliyoshindiliwa, kama ilivyo desturi ya majumba ya mawe ya pwani. Ni hoja nzuri na mimi naikubali. Lakini ni hoja, si kitu kilichosimama pale.

Halafu yupo shahidi aliyefika mwenyewe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani akiwa huyohuyo al-Hasan bin Sulaiman. Aliusifia mji kwamba ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Papo hapo akasema majengo yake ni ya miti na mapaa yake ni ya majani.

Ya miti!

Watu wamebishana sana juu ya sentensi hiyo. Alikuwa akisimulia zaidi ya miaka 20 baadaye, yuko Morocco, na mtu mwingine ndiye aliyeandika, kwa hiyo huenda kumbukumbu ilimponyoka. Mimi naegemea upande mwingine. Nadhani alisema alichokiona. Watu wengi wa mji ule waliishi kwenye nyumba za fito na udongo zilizoezekwa kwa makuti, na mawe yalikuwa ya msikiti, ya sultani na ya wenye uwezo. Songo Mnara, kisiwa cha jirani, wachimbaji walipofukua maeneo yaliyoonekana kuwa wazi kati ya majumba ya mawe, walikuta mabaki ya nyumba za udongo. Hazikuacha gofu la kupigwa picha, basi.

Hapo ndipo swali la paa lilipogeuka likawa kubwa kuliko nilivyolianza. Hata nikiuchora msikiti kwa usahihi wote, kuba moja baada ya jingine, nikimpa mtoto msikiti peke yake juu ya dawati tupu bado nimemnyang'anya mji. Mpishi, mvuvi, fundi aliyechonga mihrabu, mwanamke aliyekuwa anasokota pamba, wote hao sijawapa hata kipande cha manila.

## Chelewa za ufagio

Yaliyotokea kwenye kikundi cha nyuma siku ileile ndiyo yaliyonipa moyo wa kuendelea.

Niliwapa watoto chelewa za ufagio ziwe boriti za mikoko. Manila inapinda ukiiacha bila kitu chini, na nilitaka waone kwamba paa la mawe linahitaji kitu cha kulibeba. Nilizikata zote urefu mmoja, sentimita 6. Kwa kipimo cha 1:50 hiyo ni mita 3, na vyumba vya majumba ya mawe ya pwani kwa kawaida havikuzidi hapo kwa upana, mara nyingi vilikuwa pungufu.

Kikundi cha nyuma kilikuwa kinajenga nyumba ya tajiri. Kijana mmoja akaamua sebule iwe kubwa. Akakata ukuta mpya, akausogeza nje, chumba kikawa kipana kweli. Akaweka chelewa ya kwanza ikaangukia ndani. Ya pili nayo ikaangukia ndani. Akaja kwangu kuomba ndefu zaidi, nikamwambia hakuna, mikoko ndiyo imeishia hapo. Alirudi akakaa kimya anaviangalia vile vijiti. Kisha akaurudisha ukuta mahali pake, akavuta ule mwingine, wa mwisho wa chumba, akakirefusha badala ya kukipanua.

"Kikiwa kirefu zinaenea," akawaambia wenzake.

Ndivyo zilivyo nyumba zenyewe. Nenda Songo Mnara, nenda Gedi kule Kenya, angalia ramani za Husuni Kubwa: vyumba virefu vyembamba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Unaweza kusoma ukurasa mzima unaoeleza kwamba upana wa chumba ulitawaliwa na urefu wa boriti ya mkoko usielewe uzito wake. Yule kijana aliupata kwa kijiti kilichomwangukia. Boriti hizohizo za delta ya Rufiji na za Lamu zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Ghuba ya Uajemi, nako nyumba za zamani zina vyumba vyembamba kwa sababu ileile. Dada yangu alipowaambia hilo, mtoto mmoja akauliza kama Waarabu nao walikatiwa chelewa fupi. Akajibiwa ndiyo, kwa maana fulani, ndiyo.

Hapo nilielewa kwamba kuna mambo ambayo karatasi inayafundisha bila kubahatisha. Uzito unataka kubebwa, pembe lazima zikutane, nguzo 9 zinaacha nafasi 16 na ukitaka nafasi 20 itabidi uongeze nguzo. Hayo hayategemei picha ya kitabu wala mchoro wangu, maana mtoto anayahakikisha kwa mikono yake.

Kwa hiyo sikuona sababu ya kuacha. Ilibidi niachanishe mambo mawili tu: lile ambalo jengo lenyewe linatuambia, na lile ambalo sisi tunalisema kwa niaba yake.

## Kwa nini sikuanza na Gereza

Wengi niliowaonyesha kazi hii wameniuliza hili, na nataka nilijibu sawasawa.

Gereza la Kilwa, ile ngome ya kisiwani, ni zawadi kwa mchoraji wa karatasi. Ni mraba, lina minara miwili ya duara kwenye pembe zinazotazamana, kuta zake bado ni ndefu. Ukimpa mtoto mkasi na saa moja analimaliza, linasimama imara na linapendeza. Mwalimu yeyote mwenye darasa lililojaa angelichagua.

Lakini Wareno ndio walioweka ngome pale mwaka 1505, baada ya meli za Francisco de Almeida kuuvamia na kuupora mji, na jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, karibu na mwaka 1800. Ni sehemu ya historia yetu na mtoto alijue. Ninachokataa ni liwe jengo la kwanza mtoto kulishika. Kile unachokishika kwanza ndicho kinachobaki. Nisingependa mtoto akumbuke kwamba Kilwa ilianza na ngome ya waliokuja kuivunja, kwa sababu tu ngome ina pembe rahisi.

Msikiti Mkuu ni mgumu. Kuba za karatasi ni mateso: unakata petali nyembamba, unazikunja kuelekea katikati, na gundi ikiwa nyingi zinalowa na kulegea. Nimechora kuba hizo upya mara nyingi. Lakini ugumu huo ni wa haki. Fundi wa Kilwa naye hakupata kuba kwa urahisi. Tumbawe la kuchongea lilikatwa chini ya maji likiwa bado laini, likachongwa mapema kabla halijakauka na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Mtoto anayehangaika na petali 8 anakaribia kumheshimu mtu yule.

## Kijivu na nyeupe

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Vipande vya sehemu zinazosimama mpaka leo nimevichapa kwa kijivu, vikiwa na mchoro wa mawe. Vipande vya kile tunachokisia ni manila nyeupe, tupu, bila mstari hata mmoja zaidi ya ule wa kukatia. Ukuta mmoja unaweza kuwa na rangi zote mbili: chini kijivu chenye ukingo wa meno meno, kama alivyouchana yule binti, na juu yake nyeupe inayoumalizia. Wazo ni lake, mimi nimelichapa tu.

Paa la kaskazini lote ni jeupe. Lina masikio ya kubandikia, ila dada yangu huwaambia wasilibandike siku hiyo. Kwanza kila kikundi kiseme kinaliezeka kwa nini, na kwa sababu gani. Kuna kikundi kilichora makuti kwa sababu Ibn Battuta alisema. Kingine kikagoma, kikasema ukuta mnene kiasi hicho haujengwi kwa ajili ya makuti, bibi yao ana nyumba ya makuti na ukuta wake ni wa fito. Walibishana mpaka kengele ikalia. Sijawahi kusikia watoto wa darasa la tano wakibishana kuhusu karne ya 12.

Nyumba za fito na udongo nimezitoa kama karatasi tupu kabisa. Watoto wanajua zilivyo kuliko mimi. Wanazichora wenyewe, na mkungu, na kuku, na mtu amelala barazani. Mji ukishajaa, msikiti unaonekana mkubwa zaidi, maana sasa kuna kitu cha kuulinganisha nacho.

Kwa walimu walioniuliza habari za gharama: printa nyingi za steshenari haziimezi manila. Chapa kwenye karatasi ya kawaida, kisha bandika kwenye manila au kwenye boksi la biskuti lililofunguliwa. Uji mzito wa unga wa ngano unatosha kuwa gundi, ila uupake mwembamba na uache ukauke chini ya vitabu usiku mzima. Kikundi cha watoto watano kinatumia mkasi mmoja bila ugomvi ikiwa mmoja anakata, wawili wanakunja kwa rula, na wawili wanabandika. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi. Ombeni viwili vinavyofuatana.

## Jumba ambalo halikumalizika

Na sasa nimekwama tena, safari hii kwenye Husuni Kubwa.

Jumba hilo lilijengwa juu ya jabali, nje ya mji upande wa mashariki, na maandishi yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman yalipatikana humohumo. Vyumba vyake vinazidi 100. Kuna bwawa la pembe nane, kuna ua mkubwa wenye vyumba vinavyodhaniwa kuwa vya bidhaa, kuna ngazi za kushukia baharini. Na halikumalizika. Lilitumika kwa muda mfupi likaachwa.

Nimchoree mtoto nini hapo? Kwenye msikiti, nyeupe ina maana "tunadhani hapa palikuwa na kitu." Kwenye Husuni Kubwa kuna mahali ambapo hapakuwa na kitu kamwe. Nikitoa kipande cheupe, nimelijenga jumba ambalo hata sultani mwenyewe hakuliona. Nisipokitoa, mtoto atadhani karatasi yake ina upungufu.

Dada yangu ana msimamo wake. "Mtoto akikaa vipindi viwili anakata na kubandika, anataka amalize. Ukimpa kitu kisichoisha, utamvunja moyo." Yeye ndiye anayewajua, na ana darasa la kuliendesha mimi nikiwa nimesharudi kwenye ramani zangu. Namheshimu kwa hilo.

Bado nashikilia kwamba waachiwe. Watoto hawa wanapita kila siku mbele ya nyumba zilizofika usawa wa lenta zikasimama, nondo zimeachwa juu, mwenye nyumba anasubiri hela. Wanajua kabisa kwamba jengo linaweza kuanza na lisiishe, na kwamba nyuma yake kuna sababu: fedha, kifo, mabadiliko ya bosi. Wataliuliza jumba la sultani maswali hayohayo, nami natamani kuyasikia.

Kwa hiyo bwawa na ngazi nimeshachora, kwa kijivu. Sehemu ambazo hazikujengwa zimebaki mistari kwenye karatasi ya chini, kama fundi anavyotandika kamba kabla ya kuchimba msingi, na hazina kipande chochote. Dada amesema atalijaribu hivyo kwa kikundi kimoja kwanza, muhula ujao, na wale wengine atawapa manila za kumalizia wakizitaka.